Ng'ombe Aliyekosa Mdhamini

Yule mzee wa gari la ng'ombe wa Pujini amefariki. Khabari nilipewa sokoni Chake Chake na muuza mbatata, ambaye baada ya kusema innalillahi aliongeza, "Basi na kesi yake nayo imekufa." Nikarudi nyumbani bila ya kununua nilichokwenda kununua. Wasomaji wangu wa siku zote mmeyazoea maskhara yangu, lakini leo msiyatafute. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Marehemu alinibebea mawe na mchanga nilipokuwa najenga, na ndivyo tulivyojuana. Hakuwa mtu mwepesi. Alikuwa mbishi, mwenye kelele, akichelewa humwambii kitu. Lakini ng'ombe wake alimlea tangu ndama, akizungumza naye njia nzima. Siku moja mtu wa kijiji cha pili, kilicho njiani kuja Chake, akaenda kituo cha polisi kusema ng'ombe yule ni wake, kaibiwa. Mzee akakamatwa, akaandikishwa maelezo, akapelekwa mahakamani, akasomewa shitaka la wizi wa mifugo, akakana. Wadhamini wawili wakamtoa. Mpaka hapo sina ugomvi na sheria. Ila ng'ombe alibakishwa kituoni, kafungwa kwenye mnazi nyuma ya jengo, kwa kuwa yeye ni kidhibiti, ushahidi wa kesi.

"Miye n'shapata dhamana," mzee aliniambia tulipokutana nje ya mahakama. "Ng'ombe wangu atadhaminiwa na nani?" Nilicheka. Yeye hakucheka, maana bila ya ng'ombe yule gari lake lilikuwa mbao na magurudumu tu, na waliomo ndani ya nyumba walikuwa wanamtazama yeye awalishe.

Siku ile niliingia naye. Mwendesha mashtaka akasimama, akasema maneno ambayo kila aliyekaa kwenye mabenchi yale anayajua kwa ghibu: shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Mzee akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, wanaotajwa ni maiti kwenye hitima. Miye n'hai. Mfungueni huyo ng'ombe, mtaona atakwenda kwa nani." Watu wakaangua kicheko, hakimu akamwambia akae, tarehe ikatolewa. Ikaja nyingine, na nyingine tena. Mlalamikaji mwenyewe akaacha kuja. Mzee hakukosa hata mara moja, kwa miguu kutoka Pujini, na kila akitoka mahakamani alipitia kituoni kumtazama ng'ombe wake anavyokonda.

Wakubwa wataniambia upelelezi si jambo la kukurupukia. Najua. Lakini upelelezi gani? Hapakuwa na alama za vidole wala majibu ya mkemia ya kungojwa. Palikuwa na majirani waliomwona ndama yule akikua, na hakuna askari aliyekwenda kuwauliza. Tunaambiwa haraka haraka haina baraka; sawa, lakini uvivu nao msiuvishe kanzu ya subira. Mtu ambaye hakuna mahakama iliyomtia hatiani alikuwa anatumikia adhabu, na adhabu yenyewe ni kungoja. Mimi naiita hiyo dhulma, na anayeona neno ni kali aende akakae siku moja kwenye benchi lile.

Juzi shauri limeondolewa, kwa kuwa mshitakiwa hayupo tena duniani. Hilo halikuombewa tarehe nyingine. Mjane akaambiwa atume mtu kumchukua ng'ombe, akaenda mpwa wa marehemu. Yeye na askari walipokuwa wakihangaika na kamba, ng'ombe akawaponyoka, akashika njia. Mpwa ananiambia alimfuata nyuma kwa baiskeli, hakumpiga wala hakumwelekeza. Ng'ombe alipita nyumbani kwa mlalamikaji asigeuze hata shingo. Akenda mpaka Pujini, akaingia uani kwa marehemu, ambako watu walikuwa wamekaa kwenye hitima yake, wanamtaja. Akasimama mbele ya gari.

Basi, waheshimiwa, upelelezi umekamilika. Kilichohitajika ni kufungua kamba tu, na mwenyewe alikuombeni akiwa hai.