Upepo na Mkia wa Jogoo

Mama mkwe wangu, hapa Kemambo, hupima upepo kwa jogoo wake. Manyoya ya mkia yakitikisika kidogo, tunapepeta ulezi. Mkia ukilala upande, tunaanua nguo. Jogoo mwenyewe akiyumba kama mlevi, tunaingia ndani kuombea mabati.

Mimi nimeolewa kutoka Dodoma, na sikukubali kufundishwa na kuku. Asubuhi moja jogoo aliyumba, lakini simu yangu ilisema upepo ni mdogo. Nikainua ungo. Ulezi na makapi vyote vikahamia kwa jirani.

“Mwanangu,” akasema mama, “sasa iulize simu ulezi umefika wapi.”

Krismasi mbili zimepita, jogoo hajachinjwa. Anayemtetea ni mimi.