Fundo la Kamba ya Tanga

Shemeji yangu Protus alikuwa mwalimu mjini Kakamega, mzaliwa wa Malinya, na maji mengi zaidi aliyowahi kuyaingia ni ya beseni. Lakini likizo ya Agosti 1964, yeye na dada yangu Nabwire walipotuletea mtoto wao mchanga tumwone, huku kwetu Bunyala kando ya ziwa, alitangaza kwamba hatarudi kazini kabla ya kujua kuendesha mashua ya tanga.

Kaka zangu, George na Onesmus, walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wakamfunza. Jumamosi moja walimu wenzake walikuja kumtazama, akawapakia, akawamwaga wote penye matope. Hakukata tamaa.

"Kamba ya tanga hatufunganga, mulamwa," George alimwambia kila asubuhi, akimwita shemeji kwa lugha yetu. "Unashika na mkono. Upepo ikikuja na nguvu, unaachilia."

Kilichomsumbua kuliko upepo ni Mama. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hawaketi pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Protus aliishika heshima hiyo kuliko hata wazee. Mama akitokea uani, yeye alizungukia nyuma ya ghala. Nilimtania kwamba siku moja, akimkwepa Mama, atajitosa kwenye pembe za fahali.

Wiki ya mwisho Mama alishikwa na homa kali, akaanza kuweweseka. Mwaka huo ziwa lilikuwa limefurika na barabara imezama. Kaka zangu walikuwa mbali wakivua. Ilibaki mashua moja ya kumvusha Mama apelekwe hospitalini, na wa kuiendesha alikuwa Protus peke yake. Nabwire alibaki na mtoto.

Tulimlaza Mama katikati, miguu ikielekea nyuma alikokaa Protus na usukani. Mimi nilikaa mbele, nichote maji. Kamba ilipaswa kupita juu ya magoti ya Mama hadi mkononi mwa Protus, na kila akiivuta ingemgusa. Akaitazama, akageuza uso. Kisha akaifunga kwenye ubao, pale pale kando ya goti la Mama.

"Shemeji, haifungwi hiyo!"

"Najua, mulamwa. Sasa nitafanyaje?"

Nilitaka kumtukana, yeye na heshima yake.

Tulipofika katikati, upepo ukatupiga. Mashua ikalala ubavu, maji yakaingia, yakamfika Mama shingoni. Nilikuwa upande wa pili wa tanga, nimembeba kichwa, siwezi kulifikia fundo. Nikapiga kelele, "Fungua!" Protus akanyoosha mkono. Ukasimama hewani. Niliuona kwa macho yangu ukisimama, huku Mama akimeza maji na kukohoa. Ndipo akajirusha, kifua juu ya magoti ya Mama, akalifungua lile fundo kwa meno.

Mashua ikainuka. Mama akajifunika uso kwa leso.

Ng'ambo tulipata lori, na hospitalini Kakamega wakasema ni nimonia. Habari kwamba Protus amemgusa mama mkwe wake zilifika kwa jamaa kabla hatujapata kitanda. Mjomba Hezekiah alisema homa haitashuka mpaka Protus atoe mbuzi wa kuondoa aibu. Kwamba bila Protus tungekuwa tunazika, hilo hakulitaja, na lilinichoma sana.

Kila jioni Protus alileta uji, akanipitishia dirishani, akabaki kusimama nje. Siku moja nikamwambia aache kujali maneno ya Mjomba.

"Hiyo ya kumgusa si shida, mbuzi nitatoa," akasema. "Ni huu mkono, mulamwa. Ulisimama. Mama akienda, nitakaa nao aje?"

Usiku ule Mama alipumua kwa shida sana.

Siku tatu baadaye, jioni, alifumbua macho, akauliza nani yuko dirishani.

"Ni mkwe wako, Mama."

Akajigeuza polepole, akautazama ukuta kama inavyotakiwa. Nje, Protus alikuwa amevua kofia.

"Mwambie," Mama akasema, "siku ingine asikawie hivyo."

Sikuhitaji kumwambia. Dirisha lilikuwa wazi, na shemeji yangu alikuwa ameketi chini kwenye nyasi, analia.