Maji ya Jumapili

Nilizaliwa Manyatta, juu ya mji wa Embu, mahali ambapo mtu akitaka maji anafungua mfereji, na akimaliza anasahau kuufunga. Nikaolewa Mbeere, chini kabisa upande wa joto, na huko ilibidi mama mkwe anifundishe upya kuosha vyombo. Siku yangu ya kwanza jikoni kwake niliosha ndengu, nikainua beseni nikamwage maji nje. Akanishika mkono kwa upole.

"Hayo unayapeleka wapi, mama?"

"Namwaga."

"Bado hayajamaliza kazi."

Kwake maji yalikuwa na kazi kama mtu aliyeajiriwa. Yaliyoosha ndengu yaliosha sufuria, yaliyoosha sufuria yakaosha miguu ya watoto, na yaliyoosha miguu yakapewa mpapai uliokuwa nyuma ya bafu. Mpapai ule ulizaa sana. Nilikula mapapai yake nikijitahidi nisifikirie miguu ya mtu.

Mwaka juzi goti la mama mkwe lilianza kumsumbua, na daktari wa Embu akataka kumwona mara kwa mara. Kwa kuwa Manyatta ni karibu na mji, mamangu alisema aje akae kwake hadi apate nafuu. Nami nikaenda naye. Wanawake hawa wawili walikuwa wamekutana kwenye sherehe tu, wakiwa na vitenge vipya, wakiitana muthoni, yaani mkwe, kwa sauti tamu. Kuishi nyumba moja kulikuwa jambo jingine.

Asubuhi ya kwanza mamangu aliingia jikoni kupika chai, akakuta sufuria zote zimejaa maji. Ndoo zimejaa. Mabeseni yamejaa. Hata chupa ya chai ilikuwa na maji baridi, imefungwa vizuri. Mama mkwe alikuwa ameamka mapema, akaona mfereji wa uani unadondosha, akashindwa kuuacha.

"Muthoni," mamangu akasema, "sasa chai niipikie ndani ya nini?"

"Hilo sijui," mama mkwe akajibu kwa fahari. "Lakini maji yako tele."

Goti lilipopata nguvu kidogo, mamangu alitaka kumwonyesha shamba. Shamba lake linateremka hadi mtoni, na huliringia kama wengine wanavyowaringia watoto waliosoma. Juu kulikuwa na sukuma wiki. Katikati kulikuwa na mishiri, yale maharagwe mabichi yanayopelekwa ng'ambo kwa ndege. Chini kabisa kulikuwa na nduma, yaani magimbi, zimeingiza miguu majini. Ukingo haukuwapo. Jembe la mamangu lilikuwa limesimama pale mto ulipoanza, na mahali pengine halikusimama hata hapo. Pampu yake ilinguruma kando, mpira ukinyonya maji ya mto.

Mama mkwe akavua viatu, akatia miguu majini, akafumba macho. Mamangu akangoja sifa.

"Huu ni mto gani?" mama mkwe akauliza.

Mamangu akautaja kwa jina.

Macho yakafunguka. "Huo ni wetu! Ukitufikia sisi huwa ni mchanga mtupu. Nilidhani unafia njiani kwa uzee. Kumbe muthoni wangu ndiye anayeunywa!"

"Mimi peke yangu?" mamangu akawaka. "Tazama kule juu. Tazama ng'ambo. Kila mtu ana pampu. Na haya ni maji ya mlima, si ya mtu."

"Kama si ya mtu, mbona yanabaki kwako?"

Jioni hiyo walikula bila kusemezana. Walizungumza kupitia kwangu, ingawa tulikuwa meza moja na viwiko vinagusana.

"Mwambie mama mkwe wako nduma huliwa zikiwa moto."

"Mwambie mama yako nimeshiba. Nduma zake zimekunywa vya kutosha kwa niaba yangu."

Mimi nilitafuna tu. Mmoja alinizaa, na mwingine ndiye ningerudi naye nyumbani.

Siku ya kuondoka, mama mkwe aliaga kwa mwaliko uliosikika kama tangazo la vita. "Uje kunitembelea, muthoni. Lakini uje wakati wa kiangazi."

Mamangu hajawahi kukimbia jambo kama hilo. Kiangazi kilipokolea alishuka Mbeere na gunia la kabeji, mkungu wa ndizi, na sanduku lililojaa nguo nyeupe. Alipoomba maji ya kuoga, alipewa kikombe kimoja cha bati na beseni.

"Beseni ni la nini?" akauliza.

"La kusimama ndani yake," mama mkwe akasema. "Usimwage hata tone. Mpapai unangoja."

Sijui alivyooga. Alitoka bafuni shingo ikiwa bado na povu.

Kesho yake tulishuka mtoni, punda mbele na mitungi mgongoni. Ng'ambo hadi ng'ambo palikuwa mchanga, mweupe, wa kuumiza macho. Wanawake walikuwa wamechimba mashimo, kila mmoja na lake. Unaingia shimoni, unakwangua chini kwa kibuyu kilichokatwa, kisha unakaa kungoja maji yajikusanye. Yanakuja kama jasho. Mamangu aliingia katika shimo letu, akachota kikombe, akangoja, akachota kingine. Yeye ni mtu wa maneno mengi, lakini asubuhi ile nilimsikia akihema tu.

Mara kibuyu chake kikagonga kitu. Akakwangua, akavuta, akachomoa chupa ya plastiki. Ilikuwa chupa ya dawa ya wadudu, ile inayonyunyiziwa mishiri. Huku chini hakuna anayelima mishiri. Wanawake wote wakaikodolea macho.

"Si yangu," mamangu akasema upesi, kabla mtu yeyote hajamuuliza.

Kisha mama mkwe akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika goti. Wengine wakadakia, na mwisho mamangu naye, angali shimoni, chupa mkononi.

"Yangu ina kifuniko chekundu," akaongeza, na hapo ndipo alipoharibu mambo kabisa.

Aliporudi Manyatta aling'oa nduma zote za mtoni, akautoa na mpira wa pampu majini. Akaacha ukingo mpana, akaupanda nyasi, na dawa akaanza kuichanganyia juu, mbali na maji. Majirani walimuuliza kama amestaafu kulima. Jirani wa ng'ambo hakuuliza kitu. Alirefusha mpira wake, akayanyonya maji ambayo mamangu alikuwa ameyaacha. Hilo lilimkera mamangu kuliko yote aliyoambiwa na muthoni wake. Wakulima wa mto walipoitisha mkutano, akampigia mama mkwe simu.

"Njoo uwaambie ulivyoniambia mimi. Lakini usiwaambie habari za kifuniko."

Mama mkwe akaja. Wakulima walijipanga kupokea lawama, na wachache walikuwa wameshakunja mikono kifuani. Yeye akasimama na fimbo yake, akauliza swali moja.

"Jumapili nyinyi huwa wapi?"

"Kanisani," wakajibu.

"Na pampu?"

Mtu akakohoa. Kila mmoja alijua kwamba pampu huachwa zikinguruma huku wenyewe wakiimba.

"Basi nazo zishike Jumapili. Mimi sina mengine. Mniachie siku hiyo moja."

Katekista wetu, mwenye pampu mbili, alikuwa ameketi mbele kabisa. Angekataaje? Alikuwa wa kwanza kuinua mkono, na wengine wakamfuata.

Si wote wanaotii. Mamangu akitoka ibadani hupitia mtoni na viatu vyake vya kanisani, akitega sikio. Akisikia mngurumo huita jina la mwenye pampu kwa sauti ambayo bonde zima huisikia. Mishiri yake imepungua, naye hulalamika sana, ila mpira hajaurudisha.

Maji yanayoachwa Jumapili hufika Mbeere Jumanne. Ya kwanza nilikuwapo yalipofika. Yalikuwa mkondo mwembamba wa rangi ya chai, ukisukuma majani na povu juu ya mchanga, ukisita kila hatua kama mgeni asiyejua mlango. Mama mkwe akatoa simu, akampigia mamangu, akainama na kuiweka karibu na maji.

"Unasikia, muthoni?"

"Nasikia mbuzi tu."

"Wanakunywa. Ngoja wamalize, usikie maji yenyewe."

Mamangu akangoja.