Aliyepalilia Shamba la Asiyesali

Dorika Elisha alizaliwa kwenye tembe la udongo huko Iramba, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Misigiri. Alikuwa na miaka tisa ilipokuja operesheni ya vijiji vya ujamaa. Wanaume walibomoa paa la tembe lile mchana kweupe, familia ikahamishiwa kando ya barabara. Baba yake hakugombana na mtu. Miaka mingi baadaye Dorika alimuuliza kama bado ana uchungu. Mzee akamjibu kwa Kinyiramba, taratibu, kwamba shule waliyojengewa huko ilikuwa jambo jema, ila hakuna aliyemuuliza.

Dorika akaolewa, akazaa watano, wa kwanza Selina, akafiwa na mume, akabaki na ekari sita za alizeti na mtama. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa lenyewe alilisombea maji lilipokuwa likijengwa. Kwa hiyo lilipojaa, Jumapili watu wakawa wanakaa nje juani, hakuna aliyetamani lipanuliwe kuliko yeye.

Upande uliofaa ulikuwa wa mashariki, na huko kulikuwa na shamba la Gasto. Gasto alikuwa ameacha kusali kwa miaka tisa, hakuhamia dhehebu lolote, na ibada ikianza yeye alifungua redio mpaka mahubiri hayasikiki. Dorika hakumpenda, wala hakuficha. Wazee wa kanisa walimfuata mara mbili awauzie kipande au wabadilishane. Akakataa. Walipomuuliza sababu, akasema hana sababu ya kuwapa.

Mwinjilisti wao, Nathanaeli, alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka. Akalipeleka jambo kwenye mkutano wa kijiji, wakati Gasto yuko Mitundu akimuuguza dada yake. Akaeleza kwamba kanisa ni la wengi, na haifai mtu mmoja, tena asiyemjua Mungu, awakwamishe wote. Mwenyekiti akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikawa kama mtama shambani. Alipouliza anayepinga, akasimama Dorika peke yake.

"Mama Selina, hata wewe?" Nathanaeli alimuuliza.

"Nalitaka kanisa kubwa," Dorika alisema. "Lakini hapa tunapiga kura juu ya kitu ambacho si chetu. Tungekuwa elfu kumi, bado si chetu."

Mtu mmoja akamkumbusha kwamba Gasto hasali.

"Kusali au kutosali ni kati yake na Mungu. Kama shamba linalindwa kwa kusali, basi siku nikikosana na ninyi na langu mtalichukua."

Wakamsikiliza kwa heshima, kisha wakapitisha. Wiki ile ile akaambiwa, kwa upole, apumzike uzee wa kanisa. Alirudi nyumbani, akashindwa kula. Kilichomuuma si cheo. Ni kwamba wote waliomtoa alikuwa amewashika wakibatizwa, au amewapikia misibani.

Jumatatu mafundi walipofika kuchimba msingi, walimkuta Dorika kwenye shamba la Gasto, ameinama, anapalilia mtama, pale pale ilipopita kamba yao ya kupimia.

"Shikamoo, mama," wakasema.

"Marahaba, wanangu. Hamjambo?"

Akaendelea kupalilia. Wakangoja amalize mstari. Akaanza mwingine. Hakuna aliyethubutu kumshika mkono mwanamke wa umri ule, na hakuna aliyeweza kupitisha sululu miguuni pake. Saa sita wakaondoka. Jumanne ikawa hivyo hivyo, na Jumatano, mgongo ukimuuma mpaka akawa anajishikilia kwenye mpini wa jembe. Alhamisi mafundi hawakuja.

Gasto aliporudi, alikwenda wilayani na hati yake ya kimila. Afisa ardhi akaja, akaisoma mbele ya watu, akasema mkutano wa kijiji hauwezi kumnyang'anya mtu shamba lenye hati kwa kunyoosha mikono. Mambo yakaishia hapo.

Jioni ile Gasto alifika kwa Dorika. Dorika alidhani anakuja kushukuru, akamtolea kigoda.

"Mama, mlenda wangu umeung'oa wote," Gasto alisema. "Ule niliuacha makusudi, ni mboga yangu."

Dorika alimtazama, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akamwomba radhi, kwa dhati, maana ulikuwa mlenda wa mtu.

Kanisa lilipanuliwa kuelekea barabarani, likawa refu na jembamba. Waliokaa nyuma wanamwona mhubiri kwa taabu. Dorika hukaa huko nyuma, kwenye benchi la mwisho. Uzee hakurudishiwa, wala Gasto hakurudi kusali. Redio yake bado inalia kila Jumapili. Ila mwaka jana kanisa lilipotaka kupitisha bomba la maji, Nathanaeli aliondoka mwenyewe, akabisha hodi kwa Gasto, akakaa naye hadi jua likawa kali. Gasto akakubali bomba lipite pembeni, mradi lisiguse mtama wake.