Mbabula Ndani ya Salo

Kila ninaposikia harufu ya samaki wa mikebuka wakichomwa juu ya makala ya moto, mate yananijaa mdomoni na papo hapo kichwa kinaanza kuniuma. Msicheke. Ama chekeni, lakini ngojeni kwanza.

Nilikuwa bado ninang'oka meno ya mbele, kwetu Songo. Siku hiyo wakwe walitoka Rugenge kuja kumposa yaya Furaha, dada yangu mkubwa, na mama alishatuonya: samaki wakiharibika, posa nayo imeharibika. Tonton Safari, mdogo wake mama, ndiye aliyeshika mbabula, jiko letu la makala, uani. Anapepea makala kwa kifuniko cha sufuria, anageuza samaki, anajisifu. Basi mvua ikashuka kutoka milima ya Bijombo bila kupiga hodi.

"Tuingize mbabula mu nyumba," akasema tonton.

"Na moshi?" mama akauliza.

"Weye dada, angalia! Makala imeiva. Moshi iko wapi?"

Kweli, moshi haukuwepo. Makala yalikuwa mekundu kama midomo ya yaya siku ile. Mbabula ikawekwa katikati ya salo walipokaa wageni, mlango na madirisha vikafungwa ili wageni wasilowe.

Hapo ndipo mambo yaliponichanganya. Baba mkwe alikuwa anasifu samaki, akaacha neno nusu, akapiga miayo. Mama akasinzia na sahani mkononi. Mimi nikaona kila samaki ana pacha wake, nikacheka, sijui nacheka nini. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Nikawaza: kumbe ndivyo watu wakubwa wanavyoposana, wanalala kwanza!

"Hawa batu banatuloga!" mama mkwe akalia. Akataka kusimama, akarudi chini kama gunia.

Yaya alitakiwa kukaa chumbani na haya zake mpaka aitwe. Hakungoja. Alichungulia, akauvamia mlango wa nje kwa teke. "Inje! Bote inje!" Akamburuta baba mkwe kwa koti, mama na mama mkwe kwa vitenge, tonton kwa mkono, mimi kwa sikio. Tukakaa kwenye matope, mvua inatunyeshea. Mama mkwe akatapika samaki wetu wote. Nikajua posa imekwisha, na sikuelewa kwa nini yaya analia huku anatuhesabu.

Miaka mingi niliamini kwamba yaya alifukuza uchawi kwa teke. Halafu juzi, kwenye somo la kemia, mwalimu akatuambia kuhusu hewa ya makala yanayowaka: haina rangi, haina harufu, inalaza watu na wengine hawaamki. Nikanyoosha kidole: "Monsieur, ile hewa na ku posa inaingiaka?" Darasa lote likacheka. Mimi, kwa mara ya kwanza, nilishindwa kucheka.

Siku hizi yaya anachoma mikebuka uani kwake, Rugenge. Mvua ikinyesha, mbabula haisogei. Samaki wanalowa, tunawala hivyo hivyo. Na anayesimama nyuma yake, akimshikia mwavuli, ni mama mkwe.