Chombo cha Maua Nilichozamisha Ziwani

Chekeni tu, hata minye leo nacheka, lakini siku ile kule Runingu nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na viatu vyangu vya kuazima.

Ilikuwa wakati wa Wabeleji. Nilikuwa kijana wa Kalundu, mutoto wa wavuvi, lakini kazi yangu ilikuwa kukereza mbao: unakanyaga kerezo kwa muguu, muti unazunguka, unashika patasi, miguu ya viti inatoka muviringo. Nikamupenda Anastazia, binti wa mulimaji wa Runingu, kule bondeni, na baba yake akatuma neno: "Huyu kijana hana shamba, hana ng'ombe. Aje Jumapili, siku ya Mungu, nione mikono yake inajua nini." Nikionekana kazi bure, Anastazia angepewa muntu mwingine, na huyo mwingine alikuwa tayari, jirani yao mwenye ng'ombe na tumbo.

Anastazia akaninong'oneza kwamba mama yake anaweka maua ya Bikira Maria ndani ya kopo kuukuu la maziwa. Nikasema vizuri, nitamukerezea chombo. Nikakata muti (mubichi, kosa njo lilianzia pale), nikaukereza, tumbo pana, shingo nyembamba, aa, hata Masta Filipo, mukubwa wetu wa kazi, alikizungusha mukononi akapiga muluzi. Kesho yake nikakikuta na ufa chini. Nikatia maji, yakatoka yote.

"Ngoja muti ukauke," akasema Masta, "halafu tuzibe ufa, tumimine nta ya nyuki ya moto ndani, muti uinywe. Haraka ya nini?"

Haraka ya nini! Anayeuliza vile iko na muke nyumbani. Minye nikakumbuka mambo ya kwetu: mutumbwi wa mbao ukikauka ukavuja, baba anauzamisha ziwani na mawe ndani, mbao zinavimba, ufa unajifunga wenyewe. Basi nikakifunga chombo kamba, jiwe shingoni, nikakizamisha kati ya miamba, nikaenda kulala kama muntu mwenye akili. Siku ya Mungu asubuhi nikakitoa, nikakijaribu, hata tone halikutoka! Nikamwaga maji (ndani sikuchungulia, ningechungulia nini?), nikakifunga kitambaa, nikapanda juu ya kamio, lori la mizigo. Jua la bonde likatupiga njia nzima, na jua lile munalijua, linakausha hata mate.

Walinipokea vizuri. Baba Anastazia akachukua chombo, akakigeuza, akakigonga kwa kidole, akasema "Hmm," na ile hmm niliisikia tamu mpaka tumboni. Akaita: "Mama Anastazia, leta maji na maua!" Sasa mujue desturi: kwa watu wale mukwe na mama mukwe hawatazamani, hawasemezani, na kugusana, Mungu apishe mbali. Akaingia amejifunika kitenge kichwani, akanipa mugongo nusu, akakaa mukekani, akapakata chombo, akatia maji, akaanza kupanga maua moja moja.

Nikaona maji. Yalikuwa yanatoka chini polepole, yanaingia kitenge chake pale mapajani (muniwie radhi), yanashuka mpaka mukeka. Yeye hakusikia, alikuwa anafurahia maua yake. Nimuambie? Kumusemesha ni mwiko. Nimuambie bwana yake kwamba mama amelowa? Ningeanzia wapi! Nikabaki kukohoa tu, mpaka muzee akauliza, "Kijana, uko na kifua?"

Mara mama akapiga kelele. "Yeee! Kinanishika!" Akainua mukono, na kidoleni ananing'inia kaa, kaa mudogo wa ziwa na magando yake yote mawili, kumbe alijipatia nyumba ndani ya chombo changu kule miambani. Chombo kikaanguka, maji pwaa! Na minye, niliyeshika kaa wa ziwa tangu sijajua kuvaa suruali, sikufikiri kitu: nikaruka, nikakamata mukono wa mama mukwe, nikamubana kaa kwa nyuma, akaachia.

Nilikuwa na kaa mukono huu, mukono wa mama mukwe mukono ule, na tulikuwa tunatazamana macho kwa macho. Nikamuachilia haraka. Nikajua basi, Anastazia amekwenda kwa yule mwenye ng'ombe. Machozi yalinitoka, sidanganyi.

Muzee akasema, "Umemugusa mama mukwe wako."

"Ungenisaidia weye," mama akajibu kutoka ndani ya kitenge chake, "lakini weye umepanda juu ya kiti."

Kweli! Muzee wa watu, mulimaji wa bonde ambaye hajazoea wadudu wa ziwa, alikuwa amesimama juu ya kiti na fimbo yake mukononi. Nyuma ya pazia Anastazia akaangua kicheko. Muzee akajaribu kukaza uso, uso ukakataa, akacheka mpaka nikamushika asianguke.

"Chombo rudisha Kalundu," akasema akishuka, "na mududu wako. Lakini weye urudi na wazee wako, walete pombe."

Jamani, nilipumua! Njia nzima juu ya kamio nilikuwa nimekumbatia muti uliopasuka, nacheka peke yangu, watu wakasogea mbali nami. Tangu siku ile muti mubichi siukerezi, nta naingojea hata ikikawia namna gani, na chombo hakitoki mukononi mwangu bila kupinduliwa na kutikiswa. Haisaidii kitu. Nikifika Runingu, mama mukwe anajifunika kitenge, anamuita mutoto wangu mukubwa, anamutuma kwangu: "Muulize baba yako kama leo amekuja peke yake."