Siku Mama Kiapo Alipokikwepa Kitabu

Mama Kiapo alikuwa karani wa mahakama, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwaapisha mashahidi. Biblia na Msahafu alivitunza kwenye kabati nyuma ya kiti chake, akivipangusa kila asubuhi kabla hata ya kuweka mkoba chini. Ujanja wa watu alikuwa ameuona wote. Kuna anayegusa kitabu kwa ncha za vidole. Kuna anayemung'unya maneno. Na kuna bwana mmoja aliyepachika leso kati ya kiganja na jalada, ili kiapo kiishie kwenye leso. "Mkono wa kulia!" Mama Kiapo alikuwa akifoka. "Na sauti isikike mpaka mlangoni!" Hata mawakili walijikuta wamekaa vizuri.

Sasa siku hiyo shahidi alikuwa yeye. Mdogo wake wa kiume, dereva wa lori la duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa ameshtakiwa kwa kurudi kinyumenyume, kukibomoa kibanda cha fundi cherehani, kisha kukanyaga mafuta na kutoweka. Leseni ikifutwa, kazi hana. Mama Kiapo ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, na huruma ilimzidi nguvu. Alikubali kusema kwamba saa ile ndugu yake alikuwa kwake, anakula. Kula alikula kweli, ila baada ya kukimbia.

Kumdanganya hakimu, angejikaza. Kumdanganya Mungu huku kakishika kitabu chake, thubutu! Aliwaza na kuwazua, mwishowe akacheka peke yake jikoni. Sheria si inaruhusu mtu kuthibitisha tu kwamba atasema kweli, bila kitabu? Basi uongo wake utabaki kwa serikali, mbinguni hautafika.

"Kitabu sitashika, mheshimiwa," alisema alipopanda kizimbani. "Nitathibitisha tu."

Karani aliyemshikia zamu, bwana mpole ambaye Mama Kiapo mwenyewe alimfundisha kuapisha, alibaki kaishika Biblia hewani. Kwenye benchi la nyuma, wanakwaya wenzake waliokuja kumpa moyo walishikana mikono.

"Yesu wangu!" mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika na wote. "Mwenzetu ameasi!"

Hakimu alivua miwani. "Sheria inakuruhusu, mama. Ila nikuulize, huna dini?"

Hilo Mama Kiapo hakuwa amelipangia jibu. Amkane Mungu, tena mbele ya kwaya nzima?

"Ninayo!" ilimtoka. "Tena naimba sauti ya kwanza!"

"Dini yako inakataza kuapa?"

"Haikatazi, mheshimiwa."

"Sasa kitabu kimekukosea nini?"

Watu waliangua kicheko. Mama Kiapo hakucheka. Miaka yote hiyo aliwapeleka wengine mbele ya Mungu na mbele ya sheria kwa mpigo mmoja, na hakuwahi kujiuliza yeye angepenyea wapi. Alimtazama mdogo wake, akaona aibu, akaona uchungu. Kisha akanyoosha mkono.

"Kilete."

"Mkono wa kulia, mama," karani alimwambia kwa adabu zote. "Na sauti isikike mpaka mlangoni."

Alianza vizuri. Alipofika kwenye "kweli tupu," akakwama, machozi yakamlengalenga. Mdogo wake alimjua dada yake tangu anabebwa mgongoni. Hakungoja amalize, alisimama pale pale alipokuwa.

"Mheshimiwa, mwacheni dada yangu. Ni mimi. Kibanda nilikibomoa mimi, na nilikimbia."

Wakili wake alishika kichwa. Mama Kiapo aligeuka, Biblia bado iko kifuani, machozi yakimtiririka waziwazi, akamfokea mdogo wake kama alivyowafokea mashahidi wote.

"Kaa chini! Hujaapishwa!"